Shangazi na fundo la funguo: kuandika hadithi ya mzuka wa nyumbani, Tanga

Hadithi nyingi za mizuka zinamtoa maiti kaburini ukurasa wa kwanza tu: macho mekundu, kucha ndefu, sanda inaburuzika. Msomaji wa Ngamiani, mtaa wa Tanga mjini, anaisoma huku anatafuna mihogo. Hana hofu, maana kwao hakuna mtu mwenye kucha za namna hiyo. Shangazi lakini anaye. Anamjua mwanamke aliyefiwa na mumewe, akarudi nyumba ya baba yake, akashika funguo zote, na hadi siku anakata roho hapakupikwa pilau mle ndani bila yeye kuulizwa kipimo cha mchele.

Mwandike huyo. Na hofu yake itafute kwa walio hai, kwa sababu wao ndio wanaoendelea kumtii. Kikombe chake bado kinaoshwa cha kwanza. Mlango wa uani bado unafungwa kabla ya adhana ya magharibi, na hakuna anayeweza kusema kwa nini. Ukilishika hilo, mzuka wenyewe hauhitaji kuonekana zaidi ya mara moja.

Ili utii huo uume, msomaji lazima amkute shangazi yu hai kwanza. Kwa hadithi ya maneno 3,000, mpe kama 700 akiwa mzima, na humo atoe amri tatu, ndogo, za kila siku. Mlango wa uani. Mbuzi ya kukunia nazi isiachwe wazi usiku. Wifi yake asikae barazani wageni wakiwapo. Waandishi wengi wanakosea kumpa laana kubwa kitandani, "sitawaacha". Msomaji akishaisikia hiyo anakaa kuisubiri, na anachokisubiri hakimshtui. Amri ya mbuzi ataisahau, na ndiyo maana itakapojirudia atashika kifua.

Chora nyumba kabla hujaandika. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita ina baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na ua nyuma wenye jiko na choo. Mweke shangazi chumba cha kwanza kulia. Hapo anamsikia kila anayeingia na kila anayetoka, na asiye na haja ya mlango wa mbele bado atakutana naye ukumbini. Usilete ngazi za mbao zinazolia. Sakafu ya saruji hailii. Vinavyolia katika nyumba hiyo ni komeo, bati la paa linapopoa usiku baada ya jua kali, kata ikigonga ukingo wa mtungi, na funguo.

Kwenye funguo hapo tulia. Shangazi hazitii mkobani, anazifunga kwenye pindo la kanga: fundo la ukubwa wa ndimu, ndani yake funguo nne na noti iliyokunjwa hadi ikawa kama kidonge. Akitembea linampiga pajani, na mlio wake ni mzito, wa chuma kilichozibwa na kitambaa. Waosha maiti walilifungua fundo hilo, kanga ikafuliwa, ikakunjwa, ikatiwa sandukuni. Sasa irudishe kwa hatua, na usiruke hata moja. Kwanza kanga inakutwa kamba ya uani, kavu, ina mikunjo pindoni kana kwamba kitu kilikuwa kimefungwa pale. Siku nyingine kuna fundo, tupu. Kisha mlio ukumbini. Mwisho kabisa mtu analishika lile fundo na kukuta lina uzito. Ukianza na mlio, umeshakula akiba yote.

Mambo ya msiba yaandikwe sawasawa, maana msomaji wa pwani atakukamata. Sanda ya mwanamke ni nguo 5, ya mwanamume 3. Wanaobeba jeneza na kwenda kuzika ni wanaume, wanawake wanabaki nyumbani. Hiyo ni nafasi ya dhahabu kwa mwandishi: mhusika wako akiwa binti au wifi wa marehemu, kuzikwa kwa shangazi amehadithiwa tu, macho yake hayakuona. Eda nayo ni ya mke aliyefiwa, miezi 4 na siku 10, usimkalishe eda mpwa wake. Na katika Kiswahili mwanamke aliye edani anaitwa kizuka, neno lile lile la kitu kinachotokeza ghafla kama shetani. Shangazi alikuwa mjane. Mtu mmoja alitamke neno hilo mapema, akisimulia jinsi alivyorudi nyumbani zamani. Usilifafanue.

Amua pia ni kitu gani kilichorudi, halafu usibadilishe katikati. Pepo hupanda kichwani mwa mtu, huyo mtu akawa kiti chake, na pepo husema kwa kinywa cha kiti. Mzimu una mahali pake, mbuyu au pango. Ndani ya mapango ya Amboni, karibu na Tanga mjini, watu huweka sadaka mpaka leo. Jini anaweza kuvaa sura ya marehemu bila kuwa marehemu, na hili ndilo linalokubalika kwa jamaa mcha Mungu anayesema wafu hawarudi. Binafsi ningelichagua hilo, kwa sababu linaleta ugomvi ndani ya nyumba bila kuita mtu wa nje. Mganga akija mapema ataeleza kila kitu na hadithi itakufa mikononi mwake. Kama lazima aje, aulize swali moja tu, "Mwenye nyumba nani?", na wote wageuke kutazama mlango wa kwanza kulia.

Sababu ya kurudi iwe na mizizi katika mirathi. Mali ya marehemu hulipa gharama za maziko na deni kwanza, kisha wasia usiozidi thuluthi, kisha ndipo warithi wagawane. Kwa hiyo shangazi kusema tu "nyumba hii isiuzwe" hakumfungi ndugu yake, na msomaji anajua. Bangili za jirani zilizowekwa amana sandukuni mwake ni jambo jingine kabisa. Zikiuzwa pamoja na mali yake, shangazi ana haki ya kudai, na ubabe wake wa miaka yote juu ya funguo unapata uso mwingine. Usimfanye walii lakini. Alimnyanyasa wifi yake kweli, na hilo libaki.

Wakati wa kuja ufunge na bahari kama nyumba iko karibu na ufuo. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Akija na maji ya saa nane usiku Jumatatu, Ijumaa atakuja baada ya saa kumi na moja, watu wanatawadha kwa sala ya alfajiri. Wiki haijaisha atafika jua limetoka, wifi akikuna nazi uani. Mwandishi anayemleta saa nane kila usiku ametupa hofu hii bure.

Sauti yake usiitumie. Mpe mpwa wa kike amri ile ya kwanza, "Nani kafungua mlango huo?", aitoe mwenyewe kwa ukali ambao hakuwa nao, ukumbi mzima unyamaze. Katika sehemu ya mwisho bangili zimesharudishwa, arobaini imesomwa, kanga imetolewa sadaka. Wifi anaoga, anavaa kanga yake mpya, anachukua ufunguo wa kabati ya sukari. Anautazama mkononi. Kisha anaufunga pindoni.