Harusini Nilikutana na Watu wa Biashara Yetu ya Zamani

Mtu uliyezoea kumwona nyuma ya meza ya ofisi, kalamu mkononi na rundo la ankara mbele yake, si rahisi kumtambua anapokaa karibu nawe ukumbini akiwa amevaa nguo za harusi na amempakata mjukuu. Jambo hili lilinitokea hivi karibuni kwenye harusi ya binti wa jirani yangu. Mzee mmoja aliyekuwa meza ya pili alinitazama, nami nikamtazama, na ilikuwa dhahiri kwamba kila mmoja wetu anamjua mwenzake, ila hakuna aliyeweza kusema tulijuana wapi. Mwaka 1980 mwanasaikolojia George Mandler aliieleza hali hii kwa mfano wa mtu aliyepanda basi na kumwona abiria ambaye sura yake anaijua kabisa, lakini inambidi apekue kumbukumbu zake kwanza ndipo atambue kwamba ni yule anayemuuzia nyama buchani. Kuhisi kwamba sura si ngeni huja upesi, ilhali kuipata nafasi ya mtu huyo katika maisha yako ni kazi nyingine kabisa, nayo huwa nzito zaidi anapoonekana mahali ambapo hukutarajia kumkuta. Kilichonisaidia mimi ni sauti yake. Alipomwita kijana mmoja amsogezee kiti, nilitambua papo hapo kwamba huyo ndiye aliyekuwa akinipigia simu kila shehena ilipotoka na kuniuliza, "Karatasi zimefika salama, ndugu yangu?"

Nikamwendea. Kabla sijajitambulisha alisimama, akanishika mikono yote miwili, akasema kwa furaha, "Wewe ndiye yule mchapaji!" Jina langu alikuwa halikumbuki, nami la kwake lilikuwa limenitoka, lakini kazi ya kila mmoja wetu ilikuwa wazi kichwani mwa mwenzake. Watafiti walilipima jambo hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 1987 na wakaona kwamba tunakumbuka kazi ya mtu kwa urahisi kuliko jina lake, hata pale ambapo neno linalotumika kama jina ndilo hilo hilo linalotumika kama kazi. Kwa hiyo sioni sababu ya mtu kuaibika anapolazimika kuuliza jina la mwenziwe aliyefanya naye kazi kwa miaka mingi. Tuliulizana, tukatajiana, tukaendelea.

Wakati ule mimi na marehemu kaka yangu tulikuwa na kiwanda kidogo cha uchapaji, tukichapa vitabu vya stakabadhi, kalenda, kadi na madaftari. Mzee huyu alikuwa msambazaji wetu wa karatasi, na kwa kipindi kirefu alitupatia mzigo mali kauli, akiuacha ghalani kwetu bila dhamana yoyote isipokuwa neno la kaka yangu kwamba fedha zitapatikana wateja watakapolipa. Hatukuwahi kutembeleana nyumbani. Sikujua ana watoto wangapi, wala yeye hakujua naishi mtaa gani. Tulijuana kwa sauti, kwa mwandiko ulio juu ya hati za kupokelea mizigo, na kwa jinsi kila mmoja alivyozitimiza ahadi zake. Mahitaji ya karatasi za kuchapia yalipopungua na kazi nyingi zikahamia kwenye simu na kompyuta, maagizo yetu yalipungua pia, simu zikawa chache, kisha zikakoma. Hatukugombana wala hatukuagana. Kazi iliyokuwa ikitukutanisha ndiyo iliyokwisha.

Swali lake la kwanza halikuwa la biashara. Aliuliza, "Na kaka yako mkubwa hajambo?" Nilipomwambia kwamba kaka alifariki, aliketi, akanyamaza kwa muda, kisha akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia nyumbani kwetu. Alisema kwamba alipokuwa anaanza, kabla hajapata ghala lake mwenyewe, mwenye stoo aliyokuwa amepanga alimtaka atoe mizigo yote kwa siku chache, na kaka yangu, ambaye wakati huo alikuwa mteja wake mdogo tu, alimlipa fedha za miezi kadhaa mbele kwa karatasi ambazo hazijafika, ili apate pa kuanzia. "Ndiyo maana niliwapa mzigo mali kauli," alisema. "Ninyi ndio mliotangulia kuniamini."

Mimi nilikuwa mshirika katika kiwanda kile na nilikuwa nikiviona vitabu vya hesabu, lakini malipo yale sikuyaelewa. Nilidhani tulikuwa tukikopeshwa kwa sababu tulikuwa wateja wazuri. Kumbe mkopo ule ulikuwa na mwanzo wake, na mwanzo huo kaka hakumwambia mtu yeyote. Watu tuliofanya nao biashara hubaki na sehemu ya maisha yetu ambayo haipo kwenye albamu za picha wala kwenye masimulizi ya familia. Mke na watoto wa kaka wanamjua baba aliyekuwa akirudi jioni amechoka. Mzee huyu alimjua mtu aliyekuwa akifanya maamuzi magumu saa nne asubuhi, fedha zikiwa chache, bila shahidi. Wiki iliyofuata nilikwenda kuwasimulia watoto wa kaka habari hii neno kwa neno. Naamini ni urithi wao.

Hatukuwa wawili tu. Jirani yangu, baba wa bibi harusi, kumbe kabla hajahamia mtaani kwetu alikuwa mtunza bohari katika kampuni iliyokuwa ikihifadhi mizigo ya wafanyabiashara wengi, wakiwamo wale waliokuwa wakituhudumia sisi, na alikuwa amewaalika wale aliobaki nao katika urafiki. Miongoni mwao alikuwapo mama mmoja aliyekuwa wakala wetu wa forodha, ambaye kwa ustadi wake vipuri vya mitambo yetu vilitoka bandarini bila kukaa siku za ziada za kutozwa tozo. Yeye alinitambua haraka kuliko nilivyomtambua, akaniita "mwanangu" kama zamani, na kabla ya yote akanionya kwa upole kuhusu mwenzetu mmoja aliyekuwa ameketi upande wa pili wa ukumbi: biashara yake ilifungwa vibaya, kwa hiyo nisianze kwa kumuuliza inaendeleaje. Onyo lile lilikuwa la busara sana. Swali la hali ya biashara, ambalo kati ya wafanyabiashara huwa jepesi kama salamu, kwa mtu aliyefilisika huwa sawa na kumtaka atoe ripoti ya maumivu yake mbele ya wageni.

Huyo mwenzetu alikuwa pia mdeni wetu. Alichukua kazi ya uchapaji ya thamani kubwa, akalipa sehemu, kisha akatoweka, na kwa muda fulani deni lile lilitunyima usingizi. Nilimwona akinitazama kisha akigeuza uso. Niliamua kumfuata na kumsalimu, kwa sababu ukumbi ule ulikuwa wa furaha ya watu wengine, na mwenye shughuli ana haki ya kuona wageni wake wakikaa kwa amani. Kudai deni mahali kama pale ni kumvunjia heshima yeye kabla ya kumvunjia mdeni. Tuliulizana habari za watoto. Alipotaka kuondoka alinivuta pembeni, akasema kwa sauti ya chini, "Ile hesabu yetu sijaisahau." Nikamjibu kwamba hesabu tutaizungumza siku nyingine, leo tuko harusini. Tumekwisha kuizungumza, mara moja, kwa utulivu. Hajalipa na sijui kama ataweza, lakini ameniandikia barua inayotaja kiasi chote, na kwangu barua hiyo ina uzito mkubwa, maana kwa miaka yote ile nilidhani kwamba machoni pake deni lile halikuwapo.

Mazungumzo yalipokolea, nilimweleza mzee wa karatasi hali ya kiwanda, ambacho sasa nakiendesha na mtoto wa kaka. Tulikuwa tumekwama tukijadiliana kama tununue mtambo mwingine wa kuchapa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia jambo ambalo hakuna hata mmoja wa watu ninaokutana nao kila siku aliyewahi kuniambia: kwamba yeye mwenyewe aliacha kuwategemea wachapaji wa vitabu vya stakabadhi zamani, akahamia kwenye makaratasi mazito ya katoni na vifungashio, kwa sababu bidhaa zinazonunuliwa kwa simu lazima zitiwe ndani ya kitu fulani ili zimfikie mnunuzi. Akanieleza unene wa karatasi unaotakiwa, aina ya gundi inayohimili unyevu, na kwa nini mtambo wa kukata na kukunja unaweza kutufaa zaidi kuliko wa kuchapa. Watu wa karibu yangu wanajua ninachojua mimi. Yeye alikuwa amepita njia nyingine.

Hili nalo limechunguzwa. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha makala yake kuhusu nguvu ya mahusiano yasiyo ya karibu, na kati ya watu aliowahoji nchini Marekani waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara, asilimia 55.6 walionana naye kwa nadra kiasi, na asilimia 27.8 walikuwa hawaonani naye zaidi ya mara moja kwa mwaka. Kisha katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, watafiti Daniel Levin, Jorge Walter na Keith Murnighan waliwataka mameneja zaidi ya 200 wawatafute watu ambao hawakuwa wamewasiliana nao kwa angalau miaka 3 na kuwaomba ushauri wa kazi. Ushauri uliotoka kwa watu hao ulikuwa na mapya mengi, na pale uhusiano wa zamani ulipokuwa imara, imani ya zamani nayo ilikuwa haijapotea. Nilipozisoma habari hizo niliuona ukumbi wa harusi ndani yake. Sikuhitaji kujenga uaminifu upya na mzee yule, kwani aliponiambia kwamba mtambo fulani haufai, niliamini kama nilivyokuwa nikiamini aliposema shehena itafika Jumatano.

Hata hivyo sikumwomba chochote usiku ule, wala sidhani kwamba ingekuwa vyema. Alikuja kumwona bibi harusi akiolewa, na mimi pia. Tulipeana namba za simu, na siku chache baadaye nikawaandikia yeye na yule mama wa forodha ujumbe mfupi wa kuwashukuru, usio na ombi ndani yake. Nilisita kidogo, nikihofia kwamba labda furaha ya ukumbini ilikuwa ya ukumbini tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliohusisha watu zaidi ya 5,900, ulionyesha kwamba tunapomtafuta mtu ghafla kumjulia hali, huwa tunapunja mno katika kukadiria jinsi atakavyothamini jambo hilo, na kwamba mshangao wenyewe ndio unaomwongezea furaha. Kwangu ilithibitika: mzee alipiga simu kabla sijaweka yangu mezani, na mama alinijibu kwa sauti aliyoirekodi, ndefu, akiwataja wafanyakazi wetu wa zamani mmoja mmoja na kuuliza habari zao.

Tumekutana tena ofisini kwetu. Mzee alikuja na mwanawe, ambaye ndiye anayesimamia ghala siku hizi, na mama alikuja kutuonyesha jinsi ya kuagiza mtambo kwa taratibu za sasa, ambazo nyingi hufanyika kwa mtandao. Tumekubaliana kwamba watatuletea karatasi za katoni kwa masharti ya kulipa baada ya mauzo, kama ilivyokuwa. Tofauti ni kwamba safari hii nimeomba tuandike mkataba, na mzee ameafiki bila kinyongo. Mimi na yeye tusingeuhitaji, lakini mizigo itapokelewa na mtoto wa kaka na kutolewa na mwanawe, vijana ambao bado hawajawahi kuokoana.