Mpira ukishatoka mkononi

Katika somo la kani, yaani msukumo au mvuto wa kitu kimoja juu ya kingine, swali ninalopenda kuliko yote ni hili: mpira umerushwa wima, umeshatoka mkononi na bado unapanda. Chora kani zote zilizopo juu yake. Karibu darasa zima huchora mishale miwili, mmoja mfupi wa mvutano wa dunia ukielekea chini, mwingine mrefu ukielekea juu. Nikiuliza huo wa juu ni wa nini, jibu halichelewi: "Ni nguvu ya mkono, mwalimu."

Mkono wenyewe uko wapi? Umebaki chini, haugusi kitu. Kani hutokea kati ya kitu na kitu. Mpira haubebi kani ukaondoka nayo kama msafiri na mzigo wake. Tukiiacha hewa kando kwa muda, mshale ni mmoja tu, wa kwenda chini, tangu mpira unapoachiliwa mpaka unapodakwa.

Siwalaumu. Hata Aristotle aliona lazima kuwe na kitu kinachoendelea kuusukuma, akaisingizia hewa. Galileo, katika kitabu chake cha mwaka 1638, alishaeleza kwamba kitu kinachotembea kwenye uso tambarare usio na kizuizi kitaendelea tu, na mwaka 1687 Newton akalifanya wazo hilo kuwa sheria yake ya kwanza. Wanafunzi wakibisha huwatajia Voyager 1, chombo cha anga kilichorushwa mwaka 1977. Kinakwenda kama kilomita 17 kila sekunde, na hakuna injini inayokisukuma mbele. (Hapo lazima mmoja aulize mafuta yanatoka wapi.) Huku kwetu ardhini vitu husimama kwa sababu ya msuguano, basi.

Patamu ni pale kileleni. Mpira umefika juu kabisa, kasi ni sifuri, na darasa linakubaliana: hapo hakuna kani. Haya, tuhesabu. Tuseme umerushwa kwa mita 20 kwa sekunde, na mvutano unabadilisha kasi kwa takriban mita 10 kwa sekunde katika kila sekunde. Baada ya sekunde moja mpira unapanda kwa 10. Baada ya mbili, sifuri. Baada ya tatu, unashuka kwa 10. Badiliko ni lile lile, halikupumzika pale kwenye sifuri. Tena kama kani ingetoweka kileleni, mpira uliokwisha simama ungeanzaje kushuka? Ungebaki huko huko juu, unatutazama.

Nikishamaliza hapo ndipo naleta nishati, si kabla. Mpira wa gramu 200 kwa kasi ile una jouli 40 za mwendo (jouli ni kipimo cha nishati). Unapanda mita 20, na kileleni jouli zote 40 zimekuwa za kimo. Katikati ya safari, mita 10, ni nusu kwa nusu: 20 na 20. Sasa kasi yake pale ni ngapi? Wote husema 10. Si 10, ni kama 14! Nishati ya mwendo hufuata kipeo cha pili cha kasi, kwa hiyo kasi ikishuka hadi nusu, nishati inabaki robo: jouli 10 tu, na mpira tayari uko mita 15. Wengi hawaamini mpaka wakokotoe wenyewe, nami huwaachia chaki.

Hewa tunairudisha mwishoni. Ikiwepo, mpira haufiki mita 20, hutumia muda mrefu zaidi kushuka kuliko kupanda, na hurudi mkononi ukiwa na kasi ndogo kuliko ulivyoondoka. Jouli zilizopungua hazikupotea; zimeingia kwenye hewa iliyovurugwa na kwenye joto dogo mno ambalo kiganja hakiwezi kulihisi.