Matairi ya Cessna 172 skeli 1/12, nilivyoyapata kwa saizi yake

Nilikuwa nimeshamaliza karibu kila kitu kwenye Cessna 172 yangu ya skeli 1/12 (modeli ya ndege ndogo, imepunguzwa mara 12 kuliko ya kweli), mabawa, vioo, rangi, mpaka antena, ila nikiiweka mezani nikarudi nyuma hatua mbili naona kabisa kuna kitu hakijakaa sawa. Pua iko juu. Nikahangaika na miguu ya mbele wiki nzima nikijua nimeigundisha vibaya, kumbe shida ni matairi. Kiti, yaani boksi la vipande vya kuunganisha modeli, ilikuja na matairi matatu, yote saizi moja, tena yana kashata za vibonge kama za trekta. Ndege hii haina hivyo.

Tairi la ndege ndogo mara nyingi lina mifereji tu inayozunguka duara zima, maana gurudumu la ndege halisukumwi na injini, kazi yake ni kubingirika na kushika breki, kwa hiyo kashata za kung'ang'ania ardhi hazihitajiki, kinachotakiwa ni maji yapate pa kutokea. Nilivyolielewa hilo sikuweza tena kuyaangalia yale ya kwenye kiti.

Kwanza nikatafuta saizi. 172 ya kawaida ina matairi mawili makubwa ya 6.00-6 na la puani ni 5.00-5 (zipo zinazofungwa 6.00-6 hata puani, kwa hiyo angalia picha ya ndege unayoiiga wewe). Hapa ndo nilipopotea siku kadhaa, maana nilikuwa nimezoea namba za ndege kubwa. Boeing 737-800 kwa mfano tairi lake kubwa ni H44.5x16.5-21, yaani kipenyo cha tairi zima inchi 44.5, upana 16.5, rimu 21. Kwenye 6.00-6 kipenyo cha tairi zima hakimo kabisa! 6.00 ni upana, 6 ya mwisho ni rimu, basi. Kipenyo inabidi ukitoe kwenye jedwali za watengeneza matairi, na kwa 6.00-6 kinafika inchi 17.5 hivi, 5.00-5 inchi 14.2. Geuza inchi ziwe milimita, gawanya kwa 12 unapata milimita 37 kwa yale makubwa na 30 kwa la puani. Tofauti ya milimita 7 hiyo, nusu yake ndo pua ilivyokuwa imenyanyuka.

Kabla ya jedwali nilijaribu kupima kwenye picha na ikanidanganya, nieleze hili vizuri kwa sababu naona wengi tunapima hivyo. Ndege ikiwa imepaki tairi limebonyea chini, ukipima toka juu kwenda chini unapata dogo kuliko lilivyo. Pima kwa ulalo, mbele kwenda nyuma, alafu tumia kama rula kitu kwenye picha hiyo unachojua kipimo chake. Na picha iwe imepigwa ubavuni kabisa, ikikaa kimshazari kidogo tu duara linakuwa yai.

Nikaanza na oringi (pete ya mpira ya kuzuia mafuta au maji yasivuje) kwa sababu ni rahisi, unanunua unavisha. Kwa skeli ndogo kama 1/72 oringi inatosha kabisa. Kwa 1/12 hapana, ukiikata kati ni duara kamili, wakati tairi la kweli lina mashavu yaliyonyooka kidogo na uso ulio bapa juu, jicho linaona haraka sana.

Basi nikachonga mwenyewe. Nilikata vipande vya duara vya plastiki ya milimita 1.5, nikavibandika kimoja juu ya kingine mpaka upana ukafika 13 na kidogo, nikapitisha bolti katikati nikakaza nati, nikafunga kwenye drili niliyoibana mezani. Drili izunguke polepole, ukiikimbiza plastiki inayeyuka inajikunja. Unaanza kusugua kwa tupa, alafu msasa uliobandikwa kwenye kibao, unapima kwa kalipa kila baada ya muda mfupi. Mifereji minne niliichora kwa msumeno mwembamba huku inazunguka, na hapo mkono usitetemeke, mfereji mmoja ukienda upande unaharibu tairi zima, mimi nilirudia mara tatu.

Kalibu, yaani umbo la kumiminia nakala za tairi hilo, nikafanya ya silikoni. Ya kwanza haikukauka, ikabaki inanata kama asali pale ilipogusa udongo niliotumia kushikilia tairi, na sababu ni kwamba udongo ule una salfa na silikoni inayokaushwa kwa platini haipatani na salfa kabisa. Nikabadilisha udongo usio na salfa, ikakauka vizuri.

Resini, ile plastiki ya maji unayomimina ikaganda, nayo ina mambo yake. Tairi la kwanza kutoka lilikuwa na viputo vimejipanga ndani ya mifereji yote, nikaanza kupaka kwanza poda ya talki ndani ya kalibu, nakung'uta inayozidi, alafu napaka resini kidogo kwa brashi kwenye mifereji ndo namimina iliyobaki taratibu, uzi mwembamba toka pembeni. Viputo vikaisha. Ila lilipima 36.6, limesinyaa. Nikarudi kuchonga jingine la 37.4, likatoka 37 safi. Rangi nilichanganya ndani ya resini, kijivu iliyokolea, sio nyeusi tii, maana mpira uliokaa juani na vumbi hauwi mweusi vile.

Cha mwisho ni uzito. 172N, toleo mojawapo la 172, kitabu chake kinasema matairi makubwa yajazwe psi 29 tu, upepo sio mwingi, kwa hiyo ndege ikisimama lazima yatanuke chini. Nikasugua milimita 1.5 chini ya lile tairi la kuchonga, pakatokea ubapa wa milimita 14 hivi, alafu nikaongeza epoksi kidogo kwenye mashavu yote mawili juu ya ubapa, nikalainisha kwa kidole chenye maji, nikatengeneza kalibu upya. Wakati wa kugundisha geuza ubapa ukae chini kabisa ndege ikiwa imesimama juu ya kioo, usikisie ukiwa umeishika mkononi.

La puani nilichonga kivyake kwa njia hiyohiyo, milimita 30. Jana nimeyafunga yote matatu nikaiweka ndege mezani. Pua imeshuka na ndege imekaa kama ile ya kwenye picha zangu.