The Jayhawks: wasikilizeni kwa mpangilio wa miaka

Bendi hii ya kantri na roki kutoka Minneapolis, Marekani, iliyoanza 1985, haijapewa heshima inayostahili. Anzeni na albamu ya Hollywood Town Hall (1992): waimbaji wake wakuu, Mark Olson na Gary Louris, wanaimba pamoja karibu kila mstari, sauti zimeshikana hadi ni vigumu kujua nani anaongoza. Tomorrow the Green Grass (1995) ikaongeza piano ya Karen Grotberg na fidla. Kisha Olson akaondoka, Louris akabeba mzigo wa kuongoza. Ndiyo maana Sound of Lies (1997) ni nzito, imejaa gitaa la umeme na huzuni. Smile (2000), chini ya prodyuza Bob Ezrin, ikaingiza midundo ya mashine. Wapenzi wa kantri walikwazika, ila melodi zake ni tamu mno! Rainy Day Music (2003) ikarudi kwenye gitaa kavu.