Ubao wa maranda, gundi ya magome

Leo hapa Tabora tumetoa ubao wetu wa kwanza wa maranda ya mninga, gundi yake ikiwa imechanganywa na unga wa magome ya miwati kutoka Njombe!

Mafundi mnaopasua chipibodi, zile mbao za kiwandani za chembe za mti na gundi, mnajua. Msumeno ukiingia tu, macho yanawasha, koo linakauka. Si vumbi peke yake, ni pia fomaldehaidi, kemikali iliyomo kwenye gundi ya kiwandani. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliitaja kuwa inasababisha saratani kwa binadamu.

Tanini, ile kemikali ya asili iliyomo kwenye magome ya miwati, hushikana na fomaldehaidi upesi, kwa hiyo inaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya gundi ile. Viwanda vya Afrika Kusini vinaitumia tangu miaka ya 1970.

Ubao umetoka na wekundu wa chai ya rangi iliyokolea.

Kijana wetu wa karakana, ambaye kifua humbana kila tukikata chipibodi, ameusogeza puani.
Akavuta pumzi ndefu.
Hakukohoa.
Nimefurahi mno, jamani.

Kwenye maji bado hatujaujaribu, na masika ya huku mnayajua.

Nani amewahi kutumia gundi ya mimea? Unyevu inauhimili? Niambieni hapa chini.