Jinsi nilivyomaliza mvutano wa Access mbili katika kompyuta moja

Kazi yangu inanilazimu kuwa na matoleo mawili ya Access, programu ya hifadhidata ya Microsoft, katika kompyuta moja: Access 2010 na Access 2016. Ya 2016 ninaitumia kwa hifadhidata mpya zenye kiendelezi cha .accdb, na ya 2010 nimeibakiza kwa ajili ya faili za .mdb, zikiwamo chache zilizoundwa kwa Access 97, ambazo matoleo ya kuanzia 2013 hayazifungui kabisa. Tatizo ni kwamba kila toleo hujisajili upya linapowashwa baada ya jingine, ndiyo maana hujitokeza kile kidirisha kinachokutaka usubiri usanidi. Kwa hiyo faili niliyoibofya mara mbili ilifunguka katika toleo lililojisajili mwisho, si lile nililolikusudia.

Jambo hilo lina madhara kuliko linavyoonekana. Baadhi ya faili zangu zina msimbo unaoitumia Excel, na msimbo huo hushikilia rejeo (kiungo) la maktaba ya Excel ya toleo mahususi. Faili ikifanyiwa kazi katika toleo la 2016, rejeo hupandishwa lenyewe kutoka 14.0 (namba ya ndani ya 2010) hadi 16.0 (ya 2016), lakini ikipelekwa kwenye kompyuta yenye 2010 pekee halishuki, bali huonyeshwa kuwa halipo. Hapo hata vitendakazi vya kawaida vya tarehe na maandishi vinaweza kugoma, na aliyeipokea hudhani faili imeharibika.

Ushauri unaotolewa kwanza ni kubofya kitufe cha kulia cha kipanya, kuingia kwenye orodha ya kuchagua programu ya kufungulia faili, na kuielekeza Windows kwenye toleo unalolitaka. Nilifanya hivyo hadi ndani ya folda ya Office14, nikachagua MSACCESS.EXE, nikathibitisha, na faili ikafunguka palepale katika 2016. Sababu yake ni kwamba orodha hiyo huitambua programu kwa jina la faili yake, si kwa njia nzima ya folda, na matoleo yote mawili yanaitwa MSACCESS.EXE, moja limo ndani ya Office14 na jingine Office16. Kwenye rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, kuna ufunguo mmoja tu, HKEY_CLASSES_ROOT\Applications\MSACCESS.EXE, wenye amri moja ya kufungulia. Kuubadilisha kwa mkono kungehamishia tatizo upande wa pili tu, kwa kuwa sasa 2016 ndiyo ambayo isingechagulika.

Nikaamua kuachana na ugomvi wa kiendelezi. Nilikiacha mikononi mwa 2016, kisha nikaitengenezea 2010 mlango wake. Nilibonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, nikaandika shell:sendto, na katika folda iliyofunguka nikaweka njia ya mkato ya MSACCESS.EXE ya Office14, nikaipa jina «Access 2010». Tangu hapo jina hilo limo kwenye menyu ya kutuma faili, na .mdb yoyote ninayoituma huko hufunguka katika toleo hilo, kwa sababu njia ya mkato hubeba anwani kamili ya programu.

Kwa faili za kila siku nilitengeneza njia za mkato za pekee, ambazo sehemu ya shabaha inasomeka hivi:

"C:\Program Files (x86)\Microsoft Office\Office14\MSACCESS.EXE" "D:\Data\Stoo.mdb"

Kila anwani ya faili iwe ndani ya alama zake za kunukuu, la sivyo nafasi zilizomo kwenye majina ya folda huikata amri katikati.

Kuhakiki ni rahisi: faili ikiwa wazi, ninabonyeza Ctrl na G kufungua dirisha la kuandikia amri, ninaandika ?Application.Version na kubonyeza Enter. Jibu likiwa 14.0, niko mahali panapotakiwa. Kidirisha cha usanidi bado hujitokeza ninapobadili toleo, nami nimekiacha, kwa kuwa usajili kinaoufanya haugusi tena njia ninazozitumia kufungulia faili hizo.