Bibi kwenye ngazi za Tippu Tip

Mwaka 2006 bibi yangu alitoka Ujiji kuja Unguja, mara yake ya kwanza na ya mwisho, kwa harusi ya binti wa shangazi. Boti ilimtapisha tangu Chumbe mpaka bandarini Malindi. Kesho yake, viganja bado vinanuka limau, nikamtembeza Shangani. Siku hizo nilikuwa najifunza kazi ya kuongoza watalii, na kusema kweli nilikuwa namfanyia mazoezi.

Nikamsimamisha mbele ya nyumba ya Tippu Tip, pale penye mlango wa nakshi na ngazi za marumaru nyeusi na nyeupe. Nikaanza: jina lake hasa Hamad bin Muhammad el Murjebi, tajiri wa pembe za ndovu. Mwaka 1887 Stanley, yule msafiri wa Kizungu, akamletea hapa hapa Unguja maneno ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyekuwa ameitwaa Kongo: awe liwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa pauni 30 kwa mwezi. Akakubali. Wakapanda meli moja, wakazunguka kusini yote ya Afrika hadi mdomo wa mto Kongo. Mwenye misafara ya maelfu ya watu, anangoja mwisho wa mwezi! Hapo watalii hucheka. Nikangoja bibi acheke.

"Kazi yenyewe nini, mume wangu?"

"Kupandisha bendera ya Leopold, na kuzuia biashara ya watumwa."

"Azuie yeye?"

"Ndiyo, bibi."

Akaguna. Sisi ni Wamanyema, asili yetu mashariki ya Kongo, kule misafara ya Tippu Tip ilikochukua pembe na watumwa. Wazee wa bibi hawakufika Ujiji kwa kupenda. Nyumbani jambo hilo lilijulikana na halikusemwa. Nami katika maelezo yangu yote halikuwamo, nilikuwa nahesabu pauni.

Nyumba ile siku hizo walikuwa wanakaa watu, familia kadhaa. Bibi akapiga hodi, akaomba maji. Mama mmoja akamletea kikombe cha plastiki cha bluu, "Karibu, bibi, starehe." Akakunja kanga, akaketi ngazi ya tatu, akanywa taratibu kama yuko kwake. Alipomaliza akapitisha kidole kwenye ukingo wa jiwe, pale lilipobonyea kwa nyayo.

"Limelika," akasema.

Kisha akaniuliza kama njiani tutapata urojo, maana tumbo sasa limetulia.